Dada, nilitafsiri neno kwa neno

Shikamoo dada.

Najua blogu yangu huisomi, lakini mwanao anaisoma, na kila ninachoandika hukufikia barazani kabla kahawa haijapoa. Basi nakuandikia hapahapa. Simu hupokei. Ujumbe nikituma, tiki zinageuka bluu, halafu kimya. Mara ya mwisho kuisikia sauti yako ilikuwa sekunde nne: "Nimesomewa yote. Ahsante." Nimezirudia sekunde nne hizo mpaka najua ulipovutia pumzi.

Juzi niliangalia filamu. Inaitwa Black or White, ya Mike Binder, ya 2014. Bibi mweusi na babu mzungu wanagombea mjukuu mahakamani, Los Angeles. Mama wa mtoto alifariki akijifungua, baba kamezwa na madawa ya kulevya, na bibi mzungu aliyekuwa akimlea kafa kwa ajali ya gari. Kabaki babu, mtoto, na chupa ya pombe. Babu ni Kevin Costner. Bibi, jina lake Rowena, ni Octavia Spencer. Nilisema niangalie nusu saa nikalale. Saa nane usiku nilikuwa bado nimekaa kwenye kochi, runinga imezimika yenyewe.

Rowena anakaa Compton, nyumba imejaa ndugu kama yetu ya Ngamiani, Tanga, ile ambayo ukiamka usiku lazima uwaruke watu kufika chooni. Babu ana jumba lenye bwawa la kuogelea. Lakini kilichonikata maini si nyumba. Rowena ana kaka yake, Jeremiah, wakili. Dada mtu anashindwa kuuzuia mdomo mbele ya jaji, kaka mtu anamsemea. Rowena alikuwa na ndugu yake wa kumsemea. Wewe ulikuwa na mimi.

Ile Jumanne ya kesi yetu ya kumlea mjukuu, wewe unaijua kwa jinsi ulivyosomewa ripoti, mimi naijua kwa jinsi nilivyoitenda. Afisa wa mahakama alikuja mwenyewe kwenye fleti yangu, mama wa makamo, mpole, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ulimpenda kwa hilo. Ulivaa lile dira la zambarau. Ulitaka kufukiza udi nikakuzuia, nikafungua na madirisha (hilo nalo ulininunia). Mkalimani hakupatikana, afisa akasema basi mimi nitafaa, ila nitafsiri neno kwa neno, nisiongeze wala nisipunguze. Akauliza mtoto analala wapi, anakula nini, nani atampeleka shule. Ulijibu vizuri, dada, kuliko mimi ningejibu.

Mara mjukuu wetu akatoka chumbani mbio na suruali ya kulalia, mdomo umejaa karanga, akajirusha mapajani mwako. Yule mama akamuuliza kwa Kiingereza, anatabasamu: huyu ni nani wako? Mtoto akajibu bila kusita: mimi ndiye mume wake.

Ukacheka. Kiingereza chake hukukielewa, lakini majigambo uliyaelewa. Ukampigapiga mgongo: "Mume wangu huyo! Kanioa, mahari bado namdai."

Kalamu ya afisa ikasimama.

Akanigeukia. Bibi kasema nini? Na mimi nikatafsiri. Mume. Kuoa. Mahari. Kila neno sahihi, mwalimu yeyote angenipa mia kwa mia.

Sikumwambia kwamba kwetu bibi na mjukuu ni watani. Sikumwambia kwamba babu naye mjukuu wa kike humwita mchumba, na bibi hujifanya kaletewa mke mwenza. Wala sikumsimulia marehemu bibi yetu, aliyemwita kaka yetu mume wake mpaka kaka akaota ndevu, na siku ya harusi akaketi mlangoni, bwana harusi hapiti mpaka mke mkubwa alipwe. Akalipwa kanga doti mbili na sabuni. Yote hayo yalikuwa kichwani mwangu, pale pale, na yalihitaji dakika moja. Niliuona uso wa yule mama umekunjamana kidogo, kidogo tu, nikaona aibu. Miaka kumi na tisa nimekaa nchi hii nikijitahidi nisionekane mshamba, nikaogopa kuonekana mshamba anayetetea ushamba.

"Anauliza nini?" ukaniuliza.

Nikakwambia anauliza kama mtoto anakula vizuri.

"Mwambie anakula kama mchwa."

Nikamgeukia yule mama nikamwambia kwa Kiingereza: anasema anakula vizuri.

Ripoti ilikuwa na kurasa kumi na moja, na lile jambo lilichukua mistari miwili. Mistari miwili! Sasa nisikilize, maana hapa hujawahi kunipa nafasi. Kilichokunyima mtoto si neno lile. Uliingia Marekani kwa visa ya matembezi kuja kumzika mwanao, ukagongewa miezi sita. Wakili wa wale wazee, babu na bibi wazungu wa upande wa baba, alisimama na hoja moja aliyoishikilia kama kupe: kuna Mkataba wa The Hague wa 1980 kuhusu watoto wanaovushwa mipaka, na Tanzania haimo. Yaani mtoto akishapanda ndege, mahakama ya hapa haina njia ya mkataba ya kumrudisha. Jaji aliliandika hilo mwanzo kabisa, kabla ya mambo mengine yote. Nilipokueleza ukasema, "Kwani mimi mwizi?" Hukuwa mwizi. Baba wa mtoto yuko hai na hajiwezi, wewe umekwisha kurudi kuzima taa za nyumba yako Tanga, mimi nafanya kazi zamu mbili. Ulitaka jaji afanye nini?

Unaona, tayari najitetea. Nilikaa kuandika nikuombe radhi.

Rangi haikutajwa hata mara moja mle mahakamani. Wakili wetu alikuwa ametutuliza mapema: tangu 1984, kwenye kesi ya Palmore na Sidoti, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza. Mama mzungu wa Florida alinyang'anywa binti yake kwa sababu aliolewa na mwanamume mweusi, eti watu watamsema mtoto. Majaji wote wakasema chuki za watu haziwezi kuwa sheria ya kumwondolea mtu mwanawe. Nilikusimulia jikoni ukasema "Alhamdulillahi." Nilichokuficha ni mwisho wake. Baba alikuwa ameshahamia Texas na mtoto, na yule mama alishinda kesi bila kumpata binti. Hilo nalo nilikutafsiria nusu.

Lakini dada, na wewe usijifanye malaika. Nani alituma picha Tanga na maneno "tazameni mzungu wangu"? Nani alinikataza nisimwache juani asije akakoza? Mtoto yuleyule, kwetu Tanga, barabara ya kumi na mbili, ni mzungu. Huku akifika miaka kumi na tano akasimamishwa na polisi, atakuwa mweusi, hakuna atakayempimia nusu. Nilikuwa nakwambia hivyo, unaniambia nimeharibiwa na Wamarekani. Na yule bibi yake wa upande wa baba, ambaye hukutaka hata kunywa chai yake, ndiye aliyekwenda kutafuta kinyozi mweusi baada ya kinyozi wa kwao kumchana mtoto mpaka akalia. Nilimkuta. Kaketi kwenye benchi, mzungu peke yake mle ndani, mkoba kaupakata, anauliza mafuta gani ampake mtoto na kwa siku mara ngapi. Anaandika kwenye karatasi. Nimejaribu kumchukia nimeshindwa, na nahisi hilo ndilo linalokuuma kuliko neno mume.

Kwenye filamu, Rowena mwishowe anaifuta kesi mwenyewe na mtoto anabaki kwa babu. Nilipiga kofi kochi. Kwa mlevi! Halafu nikasoma kwamba Binder aliitoa hadithi kwenye familia yake mwenyewe, kwa mpwa wake chotara, na Costner alitoa pesa zake ili itengenezwe. Basi hadithi imesimuliwa kutoka sebuleni kwa babu. Msimulizi lazima ajipendelee kidogo. Hata hii hapa, wewe ungeisimulia vingine, na huenda Jumanne ile isingechukua nafasi kubwa hivi. Huenda ungeanza na usiku wa msiba, nilipochelewa kukufuata uwanja wa ndege, ukakaa saa tatu na lile begi la unga wa muhogo. Hilo sijalisahau.

Mtoto huja kwangu kila baada ya Jumamosi moja. Ameng'oka jino la mbele. Anakataa uji, anakula chapati. Kiswahili kinamtoka, "kesho" na "jana" anazichanganya, na mimi namwacha. Lile neno halisemi tena. Waliambiwa wamwachishe, wakamwachisha kwa upole, kama unavyomwachisha mtoto kunyonya kidole. Jumamosi iliyopita nilikuwa nakanda unga, akapanda kiti, akatazama mlangoni kwanza, akanivuta sikio kwa mkono wenye mafuta: "Mke wangu hajambo?"

Nikamwambia hajambo. Sikuwa na hakika.

Jumamosi hii atakuwa hapa tangu asubuhi. Saa mbili ya huku ni saa kumi na mbili jioni ya Tanga, utakuwa umeshaswali alasiri na magharibi bado. Nitapiga kwa namba yangu ileile, lakini simu nitampa yeye, nami nitakwenda kukaa nje kwenye ngazi. Hakutakuwa na mtu wa kukutafsiria.