Kabla Hujamwita Mkaidi: Barua kwa Walimu Wapya wa Shule za Msingi

Wanangu walimu,

Salaam nyingi. Nawaandikia ninyi mliopangiwa shule za msingi kwa mara ya kwanza, hasa mliopelekwa vijijini, ambako chumba kimoja kinaweza kuwa na watoto 80 au 100 na mwalimu mmoja. Mimi nimeshastaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimefundisha hapa Dodoma, zaidi madarasa ya chini, na sasa wajukuu zangu ndio wanaokaa kwenye madawati hayo. Neno langu kwenu ni moja: mtoto anayewasumbua darasani, mara nyingi sana, kuna kitu hasikii, haoni, haelewi au hawezi kukivumilia, na hakuna mtu mzima aliyekwisha kukigundua. Kukigundua ni kazi yenu, kwa sababu hakuna mwingine anayekaa naye kutwa akimwangalia anavyojifunza.

Zamani mtoto asiyeona, akiwa na bahati, alipelekwa Buigiri, shule iliyofunguliwa mwaka 1950 hapa hapa mkoani kwetu. Kiziwi alipelekwa Tabora, ambako shule ya viziwi ilianza mwaka 1963. Waliobaki, nao walikuwa wengi, walikaa nyumbani, na baadhi walifichwa kabisa. Shule zile zimetoa watu wa maana na bado tunazihitaji. Lakini nchi yetu iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 madarasa yakafurika. Ndani ya wimbi hilo wamo watoto ambao zamani wasingevuka kizingiti cha shule. Wameletwa kwenu, si kwa mtaalamu. Chuo cha Patandi kule Arusha kinaandaa walimu wa elimu maalumu, ila hawajawahi kutosha shule zote. Na hata mahali penye kitengo cha elimu maalumu, mtoto mwenye usikivu hafifu anaweza kumaliza miaka kadhaa katika darasa la kawaida akiitwa mvivu.

Basi anzeni na masikio. Mtoto ambaye sikio lake linatoka usaha mara kwa mara, wiki hii anasikia na wiki ijayo hasikii, kwa hiyo mwalimu humwona kama anayechagua lini atii. Aliyewahi kuugua homa ya uti wa mgongo naye anaweza kubaki na upungufu wa kusikia ambao mzazi hajauona. Kumpima kwa kuanzia hakuhitaji mashine. Simama nyuma yake wenzake wakiwa wanaandika, mwite jina kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, rudia siku nyingine. Akiwa hivyo hivyo, mlete mbele, sikio zuri likuelekee wewe, na uache kuongea huku umegeukia ubao. Mazoea hayo ya kuandika na kuongea kwa wakati mmoja tunayo karibu wote, na mtoto anayesaidiwa na kuangalia midomo anapoteza kila neno. Kisha mwambie mama yake ampeleke zahanati, asimtie mafuta ya kupikia wala maji ya majani sikioni. Usaha ule unatibika, na ukiachwa unaweza kuondoa usikivu moja kwa moja.

Macho nayo. Mtoto mwenye ualbino tumezoea kumwonea huruma kwa ajili ya jua, tukasahau kwamba karibu wote wana uoni hafifu. Miwani husaidia kiasi tu, kwa sababu upungufu wenyewe uko ndani ya jicho, ambalo lilikua bila rangi ya kutosha. Utaona macho yanachezacheza bila yeye kutaka, na mwanga mkali unamuumiza. Kumweka dawati la mbele huku ametazama dirisha si msaada. Mweke mbele katikati, mwanga utokee mgongoni kwake. Mruhusu aende mpaka ubaoni, pua ikaribie kuugusa, bila kuomba ruhusa kila mara. Soma kwa sauti kila unachoandika. Mstarini asimame kivulini, na kofia pana na shati la mikono mirefu yahesabiwe kuwa sehemu ya sare yake, mtu asimvue kofia kwa sababu ya nidhamu.

Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu karatasi zenye maandishi makubwa au za nukta nundu, yaani maandishi ya kupapasa kwa vidole ya wasioona, na muda wa ziada. Haki hiyo mtoto anakutana nayo darasa la nne na la saba. Majaribio yote ya kila wiki katikati hapo anafanya kwa dakika zile zile za wenzake, akisoma karatasi asiyoiona vizuri, anashika mkia, na mkia huo unakuwa ndiyo sifa yake. Sioni kwa nini mwalimu angoje mtihani wa taifa ndipo ampe mtoto dakika zake.

Kuna kifafa kisichomwangusha mtoto. Anakatika katikati ya sentensi, macho yanaganda, sekunde chache zinapita, anarudi hajui umefika wapi. Mwalimu anasema "umezubaa" na kofi linafuata. Ikitokea hivyo mara kwa mara kwa siku, hata akiwa katikati ya kuzungumza, huyo ni wa kupelekwa hospitali, dawa zipo. Na yule anayeanguka na kutetemeka: ondoeni madawati karibu yake, mgeuzeni ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, tazameni saa. Msimtie kijiko wala kitambaa mdomoni. Mtetemeko ukizidi dakika 5, tafuteni usafiri. Povu lile haliambukizi, na darasa zima linapaswa kulisikia hilo kutoka kinywani mwenu siku hiyo hiyo, kabla hawajaenda nyumbani kusikia mengine.

Sasa nije kwenye lile linalowatoa jasho zaidi, yaani mtoto anayepiga wenzake, anayetoroka, anayepiga kelele. Nilimpokea mvulana wa darasa la tatu aliyekuja na sifa ya ugomvi. Nikamwangalia. Hesabu alikuwa mtulivu na mwepesi kuliko wengi. Kwenye somo la Kiswahili, zamu ya kusoma kwa sauti ilipokaribia dawati lake, kibao kilimshukia jirani yake. Mwalimu yeyote angefanya kinachofanywa siku zote, kumtoa nje apige magoti. Lakini tazameni mtoto amepata nini hapo. Amekwepa kusoma mbele ya watoto 90. Kila adhabu ilikuwa inamlipa, na ndiyo maana ugomvi haukuisha. Alikuwa hatofautishi b na d, "mba" na "nda" zote kwake ni moja, na alikuwa radhi kuonekana mbaya kuliko kuonekana mjinga.

Tukapatana wawili. Sitamwita kusoma ghafla tena. Aya ya kesho nitampa leo, aisome na rafiki mmoja aliyemchagua mwenyewe, na akiwa tayari atanionyesha kwa jicho. Tukarudi kwenye silabi, muda mfupi baada ya vipindi, kwa kadi za maboksi. Vibao vilipungua, havikuisha. Kusoma kulikuja polepole mno, na mpaka anamaliza darasa la saba hakuwa msomaji mwepesi. Ila alisoma, na hakuna aliyemkumbuka tena kwa ugomvi.

Kwa hiyo nunua daftari dogo. Chora safu tatu: kilichotokea kabla, alichofanya mtoto, kilichofuata. Andika siku na saa. Usiandike "alikuwa jeuri", andika "alirusha daftari chini". Fanya hivyo wiki mbili kwa mtoto mmoja tu, maana ukianza na kumi utaacha. Mara nyingi kurasa zenyewe zitasema. Utakuta vurugu zote ni kati ya saa 5 na saa 7 kwa mtoto anayetoka nyumbani bila uji, na hapo suala ni la kamati ya shule na sufuria, si la nidhamu. Utakuta ni Jumatatu tu, na hapo kuna jambo nyumbani mwisho wa wiki ambalo linataka mtu mzima aulize kwa upole, na wakati mwingine litafika ustawi wa jamii. Au utakuta yanaanza kila mnapobadilisha shughuli.

Hilo la mwisho ni la kawaida kwa watoto wenye usonji, yaani wale ambao ubongo wao hupokea sauti, mabadiliko na watu kwa namna tofauti na wenzao. Kwa mtoto wa namna hiyo kelele zetu za kila siku ni mateso. Ile ringi ya gari tunayoigonga kama kengele, mvua ikishuka kwenye bati lisilo na dari, watoto 100 wakiitikia kwa pamoja. Atajiziba masikio, atapiga mayowe, atakimbia nje. Kumkamata kwa nguvu kunaongeza moto. Mpe pembe yake tulivu anayoijua, mruhusu ajifunge kitambaa masikioni, mwonye kabla kengele haijalia. Mchoree siku yake kwa picha, kusoma, uji, kucheza, hesabu, na mnapomaliza kimoja akifute. Usimlazimishe akutazame usoni ndipo uamini anakusikiliza. Wapo wanaosikia kila neno huku wakitazama ukuta.

Mtaniuliza habari ya fimbo, kwa sababu mtaikuta juu ya meza ya ofisi. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe kwa kosa kubwa tu, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu anayetembea na fimbo kwapani kutoka dawati hadi dawati yuko nje ya kanuni hizo. Kenya waliiondoa shuleni tangu 2001. Mimi ningependa nasi tuiondoe, na nasema hivyo nikiwa mwalimu wa madarasa yenye watoto wengi, si mtu wa semina. Fimbo inaficha ugonjwa. Mtoto asiyesikia akichapwa hataanza kusikia, ila ataacha kuinua mkono, atakaa kimya nyuma, na mwalimu ataandika kwamba nidhamu imeimarika. Mwenye ulemavu wa akili akichapwa kwa kusahau maagizo matatu, atasahau matatu pamoja na kuogopa. Mpe agizo moja. Akilitimiza, mpe la pili.

"Mama, watoto 100!" Najua. Ndiyo maana sikuwaambia mwandae andalio la somo kwa kila mtoto. Mengi niliyoyataja hayaongezi hata dakika: mahali anapokaa, upande unaogeukia, agizo moja badala ya matatu. Asiyeweza kutulia mpe kazi ya miguu, agawe daftari, afute ubao, apeleke chaki darasa la jirani, kabla hajajitafutia kazi mwenyewe. Akikaa vizuri dakika kumi, mwambie umeona, palepale. Sheria za darasa ziwe tatu nne, watoto wazijue kwa moyo, na zimhusu kila mtu, mtoto wa mwenyekiti wa kijiji akiwemo. Na watoto wenyewe ni nguvu kubwa. Waliokaa na kiziwi hujifunza lugha ya alama upesi kutuzidi sisi, na wakiona mwalimu naye anahangaika kujifunza hawaoni haya.

Lakini watoto hao hao hubeba majina waliyoyasikia. Zeruzeru, taahira, bubu. Yakomesheni siku ya kwanza, na muanzie ofisini kwenu, maana mengine hutamkwa na walimu wakinywa chai, na mtoto aliyetumwa kuleta vikombe anasikia na kuyapeleka darasani.

Wazazi, hasa akina mama, watakuja kwenu wamejiandaa kulaumiwa. Wengi wao wameshaambiwa na ndugu wa mume kwamba mtoto ni laana, au kwamba wamerogwa. Mkimwita mara ya kwanza kwa ajili ya kosa, hatarudi. Mwiteni kwanza kumwambia jambo jema ambalo mtoto amefanya, kisha muulizeni yeye anamtulizaje nyumbani. Anajua mengi ambayo hakuna kozi itakayowafundisha, kwa mfano kwamba mtoto hutulia akishika kipande cha kanga. Baba naye aitwe, msikubali asiwepo kila mara.

Yako mambo ambayo hayatatatuliwa na upole wenu. Mtoto anayetambaa hawezi kufika kwenye choo cha ngazi, asiyeona hawezi kusoma bila mashine ya nukta nundu, na ninyi wenyewe mtachoka. Halmashauri ina afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu. Mwandikieni kupitia kwa mwalimu mkuu, mtaje idadi ya watoto na kila mmoja anahitaji nini hasa, mwambatishe kurasa za daftari, nakala ibaki kwenye jalada la shule na nyingine iende kwa Afisa Elimu Kata. Maneno ya mdomo kwenye kikao hayana kumbukumbu. Muhula ukiisha bila jibu, andikeni tena mkitaja tarehe ya barua ya kwanza, na kamati ya shule nayo isaini.

Ni mimi mama yenu,
Mwalimu mstaafu, Dodoma