Shukrani kwa nahodha wetu wa Lamu

Mikoko ya klabu ya huduma ya sekondari yetu ilikuwa ikisombwa na bamvua, yale maji makuu ya bahari, kabla ya kushika mizizi. Nahodha mmoja, asiyetaka kutajwa jina, akawabeba wanafunzi kwa mashua yake, mafuta akalipa mwenyewe. Aliwaonyesha viongozi wao mbegu iliyokomaa: ile ndefu inayoachia mti ukiigusa tu, isiyotobolewa na wadudu. Theluthi moja izame topeni, chipukizi lielekee juu, nafasi mita moja. Na wapande wakati wa maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo, mbali na mkondo, ili mbegu ipate siku za kushika. Hilo la maji ndilo lililookoa kazi yote. Ahsante sana, baba. Manahodha wengine, wanafunzi wanawangoja gatini.