Kwa Baba, kuhusu gari la Masanja

Phoenix, Arizona

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku sisi ni wazima, ila joto limetuzidi. Nimeusoma ujumbe wako kuhusu Masanja na gari alilolitoa Japani, lile linalojifungia breki likikaribia gari la mbele, na kwamba sasa anawatambia abiria pale stendi ya Buzuruga, Mwanza, kuwa yeye kazi yake ni kulisindikiza tu. Umeniuliza kama ni kweli huku magari yanajiendesha.

Yapo, Baba. Tangu 2020 magari ya kampuni ya Waymo yanabeba abiria katika eneo la mji huu bila mtu kwenye usukani. Lakini mengi wanayonunua watu ni ya kumsaidia dereva, ambaye anatakiwa kuwa macho muda wote. Hata jina la Autopilot (yaani rubani wa kujiendesha), mfumo wa kumsaidia dereva wa kampuni ya magari ya Tesla, limezua ubishi mkubwa, kwa kuwa wengi wanaona linamfanya mtu adhani ameshakabidhi usukani. Desemba 2023 kampuni hiyo ililazimika kurekebisha mfumo huo katika magari yapatayo milioni 2 ili uwabane zaidi madereva wanaozubaa.

Mfanyakazi mwenzangu analo gari la namna hiyo. Mwanzoni alilishika usukani kama mwanafunzi wa udereva. Juzi, miezi mitatu baadaye, alinipa lifti huku anamenya chungwa mapajani, na kila kengele ya kumtaka ashike usukani ilipolia aliugusa usukani kwa kiwiko, kisha akaendelea kumenya. Mimi ndiye niliyekanyaga breki ambayo upande wangu haipo. Kinachonitisha si kwamba gari lile hukosea sana, bali kwamba hukosea mara chache mno, hata mtu akasahau kuwa linaweza kukosea.

Tempe, jirani na hapa, Machi 2018 gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mama aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akikokota baiskeli. Mitambo ilikuwa imemwona sekunde 5.6 kabla, lakini ikamhesabu mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, kwa sababu programu haikutengenezwa kumtarajia mtu avukaye pasipo na kivuko. Aliyewekwa kitini ili aiangalie njia, macho yake yalikuwa kwenye simu. Mahakamani alihukumiwa yeye. Kampuni haikushtakiwa kwa jinai, jambo ambalo mimi hadi leo halijanikaa sawa.

Sasa, Baba, pale soko la samaki la Mwaloni ni nani anayevuka kwenye kivuko? Kamera ya Masanja itamfanyaje mama mwenye ndoo ya dagaa kichwani, bodaboda inayorudi kinyume, au ng'ombe wa Kisesa wakati wa jioni, tena kioo kikiwa na vumbi na mistari ya barabara imefutika?

Ulipokuwa ukiendesha basi la Musoma, hukuruhusu hata utingo akusemeshe hadi mvuke daraja la Simiyu. Naomba umchukue Masanja siku moja, ukae naye kiti cha mbele mpaka Magu, naye asiongee.

Msalimie Mama. Fedha ya dawa zake nitaituma Ijumaa.

Mwanao,
Kulwa