Bobi asifungwe mnyororo

Moshi, 12 Julai

Neema mwenzangu,

Habari za Morogoro? Watoto hawajambo? Mama anaendeleaje na mguu? Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo imetushika, mlima umejifunika na nguo zinakaa kambani hadi zinanuka. Najua nimekuwa kimya tangu tuachane pale msibani. Tutayamaliza nikija. Leo imenibidi niandike kwa sababu ya ile sauti uliyonitumia jana usiku, maana jibu lake ni refu mno kwa simu.

Nimeirudia kuisikiliza. Mguu wa meza ya mninga umetafunwa, kochi limetolewa sponji hadi mlangoni, na Baba Kelvin amesema mwezi ukiisha mbwa wenu Bobi ama afungwe mnyororo kwenye mpera, ama arudishwe kwa aliyewapa. Na nyuma yako namsikia Kelvin analia. Ile meza naijua, na fundi alivyokuzungusha mpaka ukamfuata kwake kwa bodaboda, kwa hiyo hasira ya mzee naielewa. Lakini mnyororo hapana, Neema. Nakuomba.

Kabla sijasahau: sponji iliyotoka mmeikusanya yote? Kipande kikubwa akikimeza kinaweza kuziba utumbo. Akianza kutapika, akikataa chakula, au akihangaika kujisaidia na hakitoki kitu, msisubiri asubuhi wala msimpe maziwa. Mpelekeni hospitali ya wanyama pale SUA, chuo kikuu cha kilimo. Mna bahati mnayo karibu.

Sasa la meno. Mlimchukua Pasaka akiwa na miezi miwili, kwa hiyo anakaribia mitano, na huo ndio umri mgumu kwa samani za nyumbani. Mbwa mdogo ana meno 28 ya utotoni. Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne yanaanza kung'oka, na akifika miezi sita au saba anakuwa ameota 42 ya ukubwani. Katikati hapo fizi zinawasha na kuuma, na kutafuna ndiko kunakompoza. Angalieni chini ya kochi mkifagia. Mbwa wangu Sultani alipokuwa wa umri huo nilikuta jino lake kwenye mkeka, dogo kama punje ya mchele, limechongoka, halina mzizi, na kitambaa alichokuwa anatafuna kina alama za damu. Nilimhurumia sana. Hakuwa mkorofi yule, alikuwa anaumwa.

Ndiyo maana fimbo haisaidii, hasa fimbo ya baadaye. Baba Kelvin anarudi saa kumi na moja, anaona mguu wa meza, anamwita Bobi, anamwonyesha, anamchapa. Bobi alitafuna saa nne asubuhi. Anachojifunza ni kwamba Baba Kelvin akirudi kuna kipigo. Unasema anajikunyata na kukwepesha macho, basi anajua kosa lake. Hajui. Mtafiti mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha mwaka 2009 utafiti wa jambo hilohilo, ikaonekana kwamba mbwa huweka ule uso wa hatia anapogombezwa, hata kama hakula alichokatazwa. Ni woga ule.

Hebu mkumbushe mzee habari za panya. Si yeye aliyetusimulia kuhusu panya wa shirika la APOPO hapo SUA, mpaka Mzee Shirima akasukuma sahani pembeni? Panya buku wanafundishwa mjini kwenu kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kutambua kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alitoka hapo akaenda kufanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 shirika la wanyama la PDSA la Uingereza likampa nishani ya dhahabu. Hakuna fimbo mle. Panya akipatia, anasikia mlio mdogo na papo hapo analambishwa ndizi. Wala hawamcheleweshei, maana akicheleweshewa hatajua amesifiwa kwa lipi. Panya afundishike kazi nzito kiasi hicho, Bobi ashindwe kuiacha meza?

Kwa hiyo fanyeni hivi. Chaneni jinzi kuukuu ya Kelvin, msokote vipande viwe kamba nene, mpige mafundo makubwa, mzilowanishe na kuziweka kwenye friza. Ukimkuta kwenye meza usipige kelele wala usimkimbize, kwani akikimbizwa anaona ni mchezo, na kesho atauanzisha tena. Mwite kwa sauti ya kawaida, mpe kamba ya baridi, na akiishika tu msifie, umpe dagaa mmoja mkavu asiye na chumvi. Karoti nzima iliyoganda nayo ni nzuri. Mifupa ya supu hapana, ikishapikwa inapasuka vipande vikali vinavyochoma koo na utumbo. Na ndala za zamani msimpe. Hawezi kutofautisha ndala iliyochakaa na viatu vya Baba Kelvin vya kanisani.

Mama Jeni lazima atakuambia upake pilipili kichaa kwenye miguu ya meza. Usikubali. Watoto watashika na kujipangusa macho, na Bobi ataungua pua huku fizi bado zinamuuma. Siki iliyochanganywa na maji inawachukiza mbwa wengi, hiyo jaribu, ila anzia upande wa chini wa mbao uone kama vanishi haiharibiki.

Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba asibaki peke yake sebuleni. Hela ya mnyororo, mwambie mzee aiweke hapo. Yule fundi awachongee kigeti cha kufika kiunoni, mkiweke mlango wa kutokea baraza ya nyuma. Mkiwa kazini na shuleni, Bobi anakaa barazani na maji yake, kivuli na kamba zake. Kelvin amtembeze na kumchezesha kabla hajaenda shule, maana mbwa mdogo akichoka analala, tena wanalala sehemu kubwa ya siku. Na nyaya za televisheni na friji mzipandishe juu leo hii hii. Hizo zinaua.

Narudi kwenye mnyororo, maana haujaniondoka kichwani. Unamkumbuka mbwa wa pale jirani tulipokuwa tunakaa Majengo? Alifungwa akiwa na umri wa Bobi. Akatafuna gome la mti, akatafuna mlango wa banda, mwisho akawa anawabwekea hata wenye nyumba. Shingoni alikuwa na kidonda chini ya mnyororo, manyoya yameisha na inzi wanatua. Mbwa aliyezoea kulala miguuni pa Kelvin ukimfungia mtini hataacha kutafuna, atatafuna kilicho karibu naye.

Sisemi ataacha kesho. Meno yakishatoka yote mtapata nafuu, lakini hamu ya kutafuna huweza kuendelea hadi avuke mwaka, kwa hiyo kamba na kigeti visiondolewe mapema. Meza nayo inatengenezeka. Fundi achanganye unga wa mbao ya mninga na gundi ya mbao, ajaze palipoliwa, pakikauka apige msasa kisha vanishi. Siku hizo Bobi akae mbali hadi harufu iishe.

Sasa nijibu, usiniachie alama ya dole gumba tu. Sponji imetimia? Alishapigwa chanjo ya kichaa cha mbwa? Maana miezi mitatu imeshapita na kama anatoka nje ni lazima. Anatafuna mkiwepo, au mkishatoka tu? Anakula mara ngapi kwa siku, isije ikawa na njaa imo? Baba Kelvin atakubali nimpigie Jumapili baada ya ibada, au unataka uanze naye wewe? Na Baraka je, ile kazi ya Dodoma ameipata? Kitenge changu ulikichukua wewe au kilibaki kwa shangazi?

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Wako,
Upendo