Mtoto mwenye usonji asisubirishwe nyumbani mpaka aongee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo nililiona kwa zaidi ya miaka 30 nikiwa mwalimu wa shule ya msingi bila kulielewa, na ambalo nimeanza kulielewa nikiwa mstaafu, kwa kuwa sasa liko nyumbani kwangu.

Mwezi Januari nilimpeleka mjukuu wangu mwenye usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, kuandikishwa darasa la kwanza katika shule moja ya hapa Morogoro. Mwalimu aliyetupokea alimwuliza kwa upole, "Unaitwa nani?" Mtoto akajibu, "Unaitwa nani?" Akaulizwa tena, akajibu vilevile, kwa sauti ileile ya mwalimu, hata mkazo wa mwisho hakuupoteza. Waliokuwa karibu wakacheka, nami nikaambiwa nikae naye nyumbani mpaka atakapojua kuongea, ndipo nimrudishe. Sidhani kama mwalimu yule alikuwa na nia mbaya. Mwaka 1995 mimi mwenyewe ningemjibu mzazi hivyohivyo. Lakini sharti hilo linamtaka mtoto aje shuleni na kitu ambacho anakwenda shuleni kukitafuta.

Kurudia maneno kwa namna hiyo si utani wala utovu wa adabu. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ambaye makala yake ya mwaka 1943 kuhusu watoto 11 ndiyo iliyoufanya usonji uanze kutambuliwa katika tiba, aliandika kwamba watatu kati yao hawakuongea kabisa, na kwamba miongoni mwa wale walioongea kulikuwa na waliorudia maneno ya watu kama walivyoyasikia na kujitaja kwa "wewe" badala ya "mimi". Katika Kiswahili jambo hilo hujificha ndani ya kiambishi kimoja. Mjukuu wangu anaposema "Unataka uji?" hamkaribishi mtu, anaomba uji, kwa sababu hayo ndiyo maneno anayoyasikia kila mara kabla kikombe hakijamfikia. Anayemjua humletea uji. Mgeni humwambia, "Hapana, nimeshiba," na mtoto huanza kujipiga kichwani, halafu majirani hunishauri nimpeleke kwa mganga. Wapo pia waliosisitiza akatwe udata, ingawa ulimi wake hauna kasoro yoyote. Ushauri wa maana niliopewa tangu mwanzo ni mmoja tu, kwamba apimwe kwanza usikivu wa masikio, na hilo namsihi kila mzazi asiliruke.

Niongeze kuhusu salamu, kwani ndiyo inayowahukumu watoto hawa mapema kuliko mtihani wowote. Mtoto asiyeamkia wakubwa huonekana hakulelewa, na mama yake ndiye anayesemwa. Mjukuu wangu hatamki "shikamoo", lakini mtu mzima akiingia ndani humwendea na kumgusa mkono. Sisi tumekubaliana kwamba ameamkia, na wageni wetu huitikia "marahaba".

Watoto wa aina hii wanahitaji njia ya kujieleza leo, wakati usemi ukiendelea kutafutwa. Njia iliyo karibu ni kadi za picha: mtoto humpa mtu kadi, au huonyesha kwa kidole kwenye ubao wenye picha, na anayepokea hulitamka neno hilo kwa sauti na kutekeleza. Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto atazoea picha na kuwa mvivu wa kuongea. Nilikuwa na hofu hiyohiyo. Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi haukuonyesha kwamba picha huzuia usemi. Baadhi ya watoto huongeza maneno wanapozitumia, japo si wote. Hata ushauri wa kuacha lugha ya nyumbani na kumsemesha mtoto Kiingereza peke yake, ambao hutolewa kwa kujiamini sana, haukuthibitishwa na utafiti wowote ninaoufahamu, na unamwondolea mtoto bibi yake, shangazi zake na soko zima.

Tatizo ni kwamba kadi na programu nyingi za simu zimetungwa kwa Kiingereza. Ukizitafsiri moja moja unapata "mimi", "taka" na "maji" kwenye kadi tatu, maneno ambayo hakuna Mswahili anayeyapanga hivyo. Kwetu "nataka" ni kadi moja na "sitaki" ni nyingine. Hiyo ya pili ndiyo iliyopunguza kung'atana nyumbani kwangu, kwa kuwa mtoto asiye na namna ya kukataa hukataa kwa meno. Baada yake zikaja "tena", "bado", "basi", "nisaidie", "inauma" na "choo", zote tumezichora kwenye vipande vya maboksi.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 2 inahesabu njia mbadala za kujieleza kuwa ni mawasiliano kamili, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, inayotambua haki ya watoto hawa ya kusoma pamoja na wenzao. Sidai kwamba mtoto mwenye usonji aingizwe tu katika darasa lililofurika, lenye kelele zinazomwumiza masikio, kisha tuite hayo elimu jumuishi. Wengine watahitaji kitengo maalumu kwa muda, na mwalimu aliyesomea, kama wale wanaoandaliwa katika Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha. Hata hivyo walimu hao ni wachache, na wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache zaidi, tena wengi wako Dar es Salaam.

Kwa hiyo naomba Taasisi ya Elimu Tanzania iandae ubao mmoja wa picha kwa Kiswahili, wa ukurasa mmoja, utakaochapwa na kupelekwa katika kila darasa la awali na la kwanza, na nakala yake iwekwe katika vishikwambi ambavyo walimu waligawiwa baada ya Sensa ya mwaka 2022. Kwa walimu wakuu ombi langu halihitaji bajeti: msimpime mtoto kwa kinywa peke yake wakati wa kumwandikisha. Mjukuu wangu hulisoma jina lake, na ukilichanganya na mengine matatu mezani huliwekea kidole bila kusita.

Januari ijayo nitampeleka tena katika shule ileile, akiwa na ubao wake shingoni. Jina lake liko juu, upande wa kushoto.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro