Mauaji yetu ya kijijini yaandikwe

Mhariri,

Hadithi za upelelezi unazochapisha nazipenda, ila nimechoka na inspekta wa mjini mwenye bastola na gari jeusi. Mwombe mwandishi mmoja aje huku Busia, upande wa Uganda, aandike kijiji baada ya korona.

Vifaa viko tele. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022; karibu miaka miwili watoto wengi walikuwa nyumbani, na mtoto asiye na kazi huona kila kitu. Kulikuwa na kafyu: jua likizama kila mtu ndani, bodaboda hazitembei. Sasa aliyekutwa amekufa shambani alfajiri, aliuawa na nani kama si jirani?

Zaidi ya yote, yale mazishi. Waliovaa nguo nyeupe za plastiki walileta mwili umefungwa, wakazika haraka, jamaa wakisimama mbali. Uso haukuonekana. Niambie, Mhariri, huo si mwanzo wa hadithi? Miaka miwili baadaye ndugu aliyekimbia kutoka Kampala kwa kukosa kazi anadai kipande cha shamba la marehemu, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anakumbuka kwamba jeneza lilikuwa jepesi.

Mpelelezi asiwe polisi. Awe mama muuza chapati, anayejua nani ana deni la nani. Na asimalize kwa mchawi, tafadhali. Hapo nitadai pesa yangu ya gazeti.

Msomaji wako,
Busia, Uganda