Shosti, hiyo 11 inaninyima usingizi

Shosti wangu, za masiku? Najua najua, miezi mitano kimya halafu nikiibuka nina shida. Huku wazima, Mama Junior anakusalimia na bado anadai lile hotpoti lake, mi simo.

Sasa sikia. Jumatatu kaletwa mtoto wa kike, miaka 9, Fallot, ile kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo, alishazibwa tundu na kupanuliwa njia ya mapafu akiwa mdogo. Kaingia anamumunya ubuyu, yaani nataka kuangalia kama midomo ina ubluu naona wekundu mtupu, ikabidi nihamie kwenye kucha. Kucha safi. Nikamlaza, nikampa simu aangalie katuni, ultrasound ya moyo, ile picha ya chemba nne, ikatoka vizuri kuliko nilivyotegemea, nikaweka mstari wa M-mode, ule unaofuatilia mwendo, pale ukingoni mwa valvu ya trikaspidi nikapima TAPSE, yaani ukingo unashuka kiasi gani chemba ya kulia ikibana. Milimita 11. Nikarudia, maana unajua mstari ukikaa upande kidogo tu namba inashuka yenyewe. 11. Mara ya tatu 11, na mashine ikapaka nyekundu.

Mi nyekundu ya mashine siiamini tena tangu yule kichanga wa mwaka jana, nilikwambia? Wa wiki moja, katundu kadogo tu, TAPSE 9, nami kwa haraka zangu nikaandika chemba ya kulia dhaifu kwa sababu mashine ilikuwa imeshikilia kiwango cha chini cha watu wazima, 17! Wakati wale watafiti wa Graz, Austria, waliopima watoto 640 wasio na ugonjwa, ile ya 2009, wastani wa kichanga ni 9.1 na ndo unapanda mpaka 24.7 akifika miaka 18. Mama wa watu kalia koridoni mpaka nikamfuata nikamwambia dada nisamehe, nimekosea mimi. Hiyo aibu bado ninayo.

Ila huyu ana miaka 9 shosti, 11 ni ndogo hata ukipinda hesabu vipi. Halafu huyohuyo akashuka kitandani akakimbizana na mdogo wake mpaka getini, mama yake anasema shuleni anaruka kamba na wenzake hachoki. Sasa nimuamini nani, mstari au kamba?

Najua utaniambia alishafunguliwa kifua. Ndiyo, wakishafungua ule mfuko wa moyo, ule mwendo wa kushuka na kupanda unapungua hata kama msuli haujachoka, chemba inahamia kubana kwa pembeni, na TAPSE pembeni haioni. Kwa hiyo nikachora eneo la chemba ya kulia nione linapungua kiasi gani: ikijaa sentimita mraba 20, ikibana 12, hapo ni asilimia 40, si mbaya. Lakini na yenyewe nina wasiwasi nayo, maana pale kwenye njia ya mapafu walipoweka kiraka hapaonekani kabisa kwenye chemba nne, na kama kuna sehemu inalegea ni palepale. Halafu valvu ya mapafu inavuja sana, damu inarudi, chemba imetanuka. Ile chemba si yai kama ya kushoto, imejikunja kama mwezi mchanga, ujazo wake utaupigia fomula gani?

Na bosi anataka neno moja kwenye fomu, nzuri au mbaya. Kiboksi kimoja! Nimeandika zote mbili na nimeongeza apigwe MRI, kaniangalia kama nimeomba ndege.

Kwa hiyo ombi ndo hili, nikutumie zile klipu, jina nimetoa, unichoree eneo wewe bila kuangalia namba zangu. Kwa kweli usiangalie, nakujua.

Na nyie huko baada ya upasuaji mnaandika TAPSE au mmeiacha? S', ile kasi ya ukingo wa valvu, mnapima, au mtoto akilia mnaachana nayo? Wa miaka 9 mnampiga MRI bila dawa ya usingizi, anaweza kubana pumzi? Mnamfundishaje? Na hotpoti liko kwako au kwa Kaka Beno?

Anarudi Alhamisi, nijibu kabla ya hapo hata kwa voisi.